Damu ya Upande wa Pili

Wenzangu waliniaga kwa keki, doti ya kitenge, na hotuba ndefu kutoka kwa watu ambao nusu yao hawakuwahi kunisikiliza kikaoni. Mwishoni yule binti aliyepewa meza yangu akasimama, akaniomba niwaandikie wageni wa kazi "hekima kidogo" kutokana na miaka yangu ya ustawi wa jamii hapa Moshi na vijiji vya juu. Nimekaa hapa nyumbani Majengo nikiitafuta hiyo hekima, chai inapoa, mjukuu ananiuliza bibi unaandika nini, na kila nikishika kalamu kinachokuja ni hasira. Basi nitawaandikia hasira. Hekima waulizeni waliotoa hotuba.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mkuu wangu alikuwa Mzee Lyimo, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti moja la kaki alilolivaa kiangazi na masika. Alinitazama miguu, akatazama mlima, akasema, "Binti, sisi tunakwenda Kilema, hatuendi harusini." Nikapelekwa sokoni kununua mabuti ya mpira. Mabuti hayo na mfuko wa pipi ndivyo vilivyokuwa vitendea kazi vyangu maisha yangu yote, na siku hizi nikiwaona mnapelekwa semina hotelini najiuliza kwa nini hizo fedha hazinunui mabuti.

Tukiwa njiani, matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, Mzee Lyimo alinipa somo ambalo sikulipata chuoni. "Zuhura," alisema, "ukiingia nyumba ya watu usimkodolee mtoto macho. Mtoto utamwona tu. Wewe tazama mikono ya wakubwa pale mtoto anapoingia." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Baadaye nilikuja kuona kwamba mikono haijui kudanganya mgeni. Mdomo utakuambia mtoto huyu tunampenda sana, na mkono utakuwa umeshajikunja.

Chuoni tulichorewa maduara mawili ubaoni. La kwanza ni kurithi: rangi, kimo, vinasaba, tabia ya kuzaliwa nayo. La pili ni mazingira: nyumba, shule, chakula, malezi. Mwalimu akatuambia la kwanza Mungu ameshamaliza, kazi yenu ninyi ni la pili. Nikanakili vizuri na kupaka rangi. Ilinichukua muda kazini kugundua kwamba maduara yale hayakai mbalimbali hata kidogo. Mtoto hakuti mazingira yamekaa yakimsubiri kama kiti. Anakuja na mwili wake, sauti yake na namna yake ya kushtuka, na hivyo vyote vinawafanya watu wamfungulie mlango au wamfungie. Sehemu kubwa ya hayo mazingira tunayoyasema kwenye ripoti zetu ni watu, na watu hawamtendei kila mtoto sawasawa.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka kumi ambaye ukoo wao wote ni warefu kama milingoti. Kwa kimo ungempa kumi na sita. Basi kila mtu alimpa kumi na sita. Alibebeshwa mikungu ya ndizi ya watu wazima, akilia wanasema jitu zima linalia, mgambo akamkamata pamoja na wacheza kamari wenye ndevu. Mdogo wake, aliyemfuata mama yao kwa ufupi, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nyumba moja, baba mmoja, sufuria moja, na mkubwa hakuwa na utoto wowote kwa sababu ya urefu wa mifupa yake. Baba yao aliniapia kwamba amewalea sawa. Na aliamini, ndicho kilichonikera zaidi.

Na kwenye kituo kimoja cha watoto yatima, ambacho sikitaji, kulikuwa na kitoto cha kike chenye vishimo mashavuni. Kila mgeni aliyeingia alikinyanyua hicho. Kikaimbiwa, kikasemeshwa, kikawahi kuongea, na walezi wakaniambia, "Huyu ana akili ya kuzaliwa." Jirani yake kitandani, mwenye uso wa kununa aliopewa na Mungu, alikuwa anatazama dari. Niliuliza nani amemsemesha huyu leo. Walezi wakatazamana.

Sasa niwaambie habari ya Manka na Aika, maana hao ndio hawaniachi nikalala.

Walikuwa mapacha wa kufanana, huwezi kuwatofautisha. Mama yao alifariki wakiwa ndio kwanza wanatambaa. Baba alikwenda Mererani kuchimba mawe na Mererani ikammeza. Kwenye mazishi ya mama, ndugu wa mume na ndugu wa mke waligombania kaburi lichimbwe wapi, wakaachana palepale na matusi, kila upande umebeba mtoto mmoja. Manka, aliyepewa jina la bibi mzaa baba, akabaki Kilema kwa bibi huyo. Aika akachukuliwa na mama yake mkubwa, dada wa marehemu, muuza mitumba wa Kiboriloni. Pande hizo mbili hazikusemezana tena. Watoto hakuna aliyewauliza.

Niliyeanza kumjua ni Aika. Mwalimu wake alituita kwamba mtoto, wakati huo ana miaka minane, ana alama za mkanda. Nikaenda Kiboriloni, nikakaribishwa nyuma ya kibanda, katikati ya marobota. Aika aliingia mbio kutoka shule, akapita katikati yetu bila salamu, akajikwaa kwenye rundo la suruali. Nikatazama mikono. Mkono wa mama mkubwa ulikuwa umeshafika kwenye mkanda kabla mtoto hajagusa chini. Kwa kuwa nilikuwepo akaishia kumfinya. Aika akapiga ukelele wa kusikika soko zima na kurusha kikombe.

"Umeona mwenyewe, Mama Ustawi?" mama mkubwa alisema, jina hilo ndilo nililoitwa kila mahali. "Damu ya Kilema hiyo. Damu ya baba yake. Kwetu sisi hatuna watu wa namna hii."

Nilimtembelea Aika mara nyingi baada ya hapo na nataka mwelewe alikuwaje. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: kucheka, kukimbia, kushtuka, kuwaka. Majirani waliomjua tangu anafika walisema alikuja hivyo hivyo, hata kwenye maziwa alikuwa analia kama anadai haki. Woga kwake ulitoka kama kelele. Ukimfokea anakufokea, ukimpiga anang'ata. Ukimwambia kwa sauti ya kawaida, anafanya, tena haraka kuliko ulivyotaka. Lakini pale kibandani alipewa chakula chake nje, na sauti ya kawaida hakuna aliyekuwa nayo akiba kwa ajili yake.

Muda si mrefu nikapanda Kilema kwa shauri la mtu mwingine. Napita kwenye kihamba kimoja, kati ya migomba na mibuni, namwona Aika amepiga magoti nje ya jiko, mikono juu, jua linampiga usoni. Nikaita, "Aika! Umefikaje huku?"

Mtoto akanitolea macho. "Mimi siyo Aika. Mimi Manka." Kidevu kilekile mbele, tayari kwa vita.

Bibi yake akatoka jikoni. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia, nikamuuliza mtoto amekosa nini. Bibi akaanza: mdomo, hasira, hatulii, hashikiki, hali na wenzake kwa sababu anamwaga, kwa hiyo anakula nje. Fimbo ya mbuni ilikuwa imesimamishwa mlangoni kama ufagio. Halafu akasema lile neno.

"Damu ya mama yake hiyo. Upande wetu, tangu mababu, hatukuwa na mtu wa hivi. Na kabeba jina langu!"

Wifi yake, Bibi Anande, alikuwa amekaa kando anamenya ndizi za mtori. Kisu kikamponyoka kwa kicheko, akamgeukia bibi. "Manka, umesahau ulivyomrushia katekista kiatu?"

"Nyamaza wewe," alisema bibi.

Niliteremka siku hiyo nikiwa na hasira, na bado ninayo. Nyumba mbili zisizosalimiana. Moja sokoni kwenye vumbi, moja mlimani kwenye migomba. Moja mkanda, moja fimbo. Hawakushauriana jambo lolote, na bado walikuwa wamewajengea watoto wale utoto mmoja: chakula nje, jina baya, kibao kabla ya swali. Kila upande ukisema ni damu ya upande wa pili. Na walikuwa nusu sahihi, jambo ambalo ni baya kuliko kukosea kabisa. Watoto wale walizaliwa na kelele, hilo silikatai, na kwa bibi niliona ilikotoka. Damu ilileta kelele. Kipigo walikileta wao, kila nyumba kivyake, halafu wakakiita kipigo hicho jina la damu wakaenda kulala.

Mama wa wale mapacha alikuwa na binamu yake Sanya Juu, anaitwa Ndeshi, mwenye mgahawa wa mabati karibu na soko. Nilikwenda kumwona. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara, na mvivu wa kusifika. Nikamweleza habari za Aika bila kumficha. Akacheka. "Mlete. Kupiga mimi siwezi, Mama Ustawi, jiko limeshanichosha. Akifoka nitafoka, tukimaliza tutakula." Mama mkubwa wa Kiboriloni alifurahi kumtoa kana kwamba namwondolea panya. Aika akahamia Sanya Juu kabla ya mvua.

Sikumwona malaika akitokea kule. Alivunja vyombo. Alitukanana na wateja. Lakini siku za soko mgahawa ulihitaji mtu wa kupiga kelele, na Aika akapata kazi ya kelele. Akiwaka, Ndeshi anamwambia, "Umemaliza? Haya, lete maji." Mkono wa Ndeshi haukupanda. Ilikuwa ni uvivu, mimi nasema hivyo na yeye mwenyewe anasema hivyo, lakini uvivu ule ulimtosha mtoto. Baada ya muda alikuwa bado anawaka, ila alizima haraka, kwa sababu hapakuwa na wa kumchochea.

Basi nikataka Manka naye aende. Chumba kilikuwepo, Ndeshi alikubali, dada yake alikuwa anamuulizia. Bibi wa Kilema hakukataa. Alisema asubiri ukoo, Desemba, wakirudi wote kutoka mjini.

Desemba nikapanda. Mbuzi amechinjwa, pombe ya mbege ipo, magari yamejipanga mpaka kwenye mashimo ya mbolea. Mkubwa wa kikao alikuwa Aloisi, kaka mkubwa wa baba wa watoto, amekuja kutoka Dar na shati jeupe lisiloguswa na vumbi. Kikao hakijaanza vizuri, Manka akapita mbele yake mbio na sahani. Aloisi hakuuliza. Alimzaba kofi la uso mbele ya watu wote, sahani ikaruka, na Manka akamng'ata mkono mpaka damu.

Hapo ndipo ikasemwa lazima alete isale. Kwa ninyi mliotoka mbali: isale ni yale majani marefu yanayopandwa mipakani mwa vihamba, na huku mlimani mtu akikuletea jani lake kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Ugomvi wa ardhi unaisha kwa jani hilo. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Manka akatumwa akachume. Akaenda, akarudi nalo, akasimama mbele ya baba yake mkubwa, shavu limevimba.

"Ninalo," alisema. "Na yeye akachume lake aniletee."

Miaka tisa, jamani. Kwa maneno hayo machache alikuwa ameielewa desturi ile kuliko wazee waliokuwa wameikalia. Bibi Anande alijipiga mapaja kwa furaha. Mtu mmoja akacheka. Aloisi akasimama, "Mnaona? Isale linachezewa! Hii damu ya wapi hii?"

Nikasimama na mimi. Nikasema mtoto amepigwa usoni mbele yenu, na alichosema ni haki. Mzee mmoja akanijibu taratibu, kwa heshima zote, "Mama Ustawi, tunakuthamini. Lakini mambo ya isale si ya kwenu. Kula nyama."

Kula nyama! Ukoo wa mlimani sina, lakini nimezaliwa Moshi, nimezika wazazi wangu Moshi, nimeyavaa matope ya mlima ule mpaka yamekuwa rangi ya miguu yangu, nikaambiwa nile nyama.

Nikamgeukia bibi. Yeye ndiye aliyemlea, neno lake lilikuwa na uzito kuliko langu. "Bibi, wewe sema. Ana dada yake Sanya Juu. Umwache aende." Alikuwa anaitazama mikono yake magotini. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi walininyoosha. Na yeye atanyooka."

Ikaamuliwa Manka aende Dar kwa Aloisi. "Anahitaji mazingira mapya," alisema, na alilitamka hilo neno mazingira kama daktari anayetaja dawa.

Nilikimbilia kwa bosi wangu wa wakati ule. Mzee Lyimo alikuwa ameshastaafu na aliyemrithi hakuwahi kuchafua viatu. Nilimwambia tuna mamlaka ya kuzuia, tuna alama mwilini mwa mtoto, tuna nyumba inayomtaka. Akanisikiliza akichezea funguo za gari. "Bi. Zuhura, mjomba, baba mkubwa, hao ni familia. Tusiingilie ukoo. Halafu yule mzee ana nyumba nzuri, shule nzuri. Kubadilisha mazingira ni kitu kizuri, wewe mwenyewe ndicho ulichofanya kwa yule mwingine." Nikamwambia mimi sikumbadilishia Aika mazingira kwa kumbadilishia bati la nyumba. Nyumba ya Dar ina vigae na televisheni, na ina mkono uleule uliokwishampiga kabla hajafika. Mtoto ataingia na kidevu chake, mkono utapanda, na kila mtu atashangaa. Akasema nimechoka, nichukue likizo.

Nilirudi kwake mpaka mlinzi akawa ananiwekea kiti. Haikusaidia. Manka alipelekwa Dar mwezi huohuo wa sikukuu.

Kwa hiyo ninyi mnaoingia kazini leo, mtu akiwaambia "amebadilishiwa mazingira", muulizeni nani yumo humo ndani, na mtoto huyu akiingia anamfanya huyo aliyemo awe mtu wa namna gani. Mtu akiwaambia "ni damu", muulizeni damu imefanya nini, na ninyi mkaijibu nini. Msikubali mojawapo peke yake. Na mkiwa na mamlaka ya kuzuia, zuieni. Msisubiri bosi aache kuchezea funguo.

Mwaka jana, nikiwa bado sijastaafu, bibi wa Kilema alifariki nikapanda kuzika. Aika alikuwepo. Sasa ni mwanamke, ni dalali wa mbuzi kwenye mnada wa Sanya Juu. Hakuna aliyempeleka huko, alianza kutoroka mgahawani kwenda mnadani tangu mdogo kwa sababu ndiko watu walikokuwa wanapiga kelele kama yeye. Nilimsikia kabla ya kumwona, anagombana na wapishi kuhusu wali kuungua, huku analia, huku anagawa sahani. Watu walimpisha na kutabasamu.

Aloisi akaja akaketi upande wangu wa kushoto. Amezeeka, shati bado jeupe. "Mama Ustawi," alisema, "si unamkumbuka Manka? Ulinipinga sana siku ile. Leo mtazame. Adabu, utulivu, sauti hutaisikia. Mazingira yamemtengeneza. Yule mwingine ndiye damu imemshinda." Alikuwa anajivunia, na hakuna mtu pale aliyemwona kuwa ni mwongo.

Manka alikuja na sinia la chai. Sura ileile ya Aika, lakini kidevu kimeshuka, na macho yako kwenye vikombe. Akapiga goti, akaniamkia kwa sauti ambayo ilinibidi niinamie kuisikia. Niliponyoosha mkono kupokea kikombe, bega lake likaruka na chai ikamwagika kwenye sinia. Akaomba samahani, kisha akaomba tena. Nikatamani kumrushia mtu kiatu.

Kulikuwa na kiti kitupu upande wangu wa kulia. Nikakipigapiga. "Weka sinia chini, mwanangu. Kaa hapa na mimi kidogo."

Alikitazama kile kiti. Kisha akamtazama baba yake mkubwa, akasubiri. Aloisi akaitikia kwa kichwa.

Ndipo akakaa.